Madaktari washauri si pambo: barua ya wazi kwa wakurugenzi wa kampuni za magonjwa sugu

Waheshimiwa wakurugenzi,

Nawasalimu. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya magonjwa sugu: presha, kisukari, pumu, moyo, figo. Miaka ya karibuni nimejikuta na kazi ambayo haimo kwenye mkataba wangu, ya kuwafafanulia wagonjwa yale ambayo programu zenu za kusimamia magonjwa hayo zimewaandikia kwenye simu. Ndiyo maana nawaandikia, na nina ombi moja.

Kila mnapozindua huduma mpya mnatangaza pia jopo la madaktari washauri. Zinawekwa picha, makoti meupe, na shahada zimepangwa mstari. Naomba madaktari hao wapewe mamlaka ya kuzuia. Huduma isimfikie mgonjwa kabla hawajaikubali kwa maandishi, na wakiona inadhuru waisimamishe siku hiyo hiyo bila kwenda kumpigia magoti mkuu wa mauzo.

Mtanijibu kwamba tayari wanashirikishwa. Nimezungumza na madaktari waliokaa kwenye majopo ya aina hii, na simulizi zao zinafanana mno. Vikao ni vichache kwa mwaka, na sehemu kubwa ya muda inaliwa na taarifa za jinsi kampuni inavyokua. Mwishoni wanaletewa chakula kilichokwisha kuiva, wanaulizwa kama chumvi imekolea. Akitokea mmoja wao akasema hiki hakifai kabisa, anashukuriwa kwa mchango wake mzuri na huduma inazinduliwa tarehe ile ile. Huko ni kuvishana kilemba cha ukoka.

Sina ugomvi na kuwepo kwenu. Mwenye nimonia hulazwa, hupewa dawa, hupona, akaenda zake. Mwenye presha huonana na daktari mara chache kwa mwaka, tena kwa dakika za kuhesabu. Siku nyingine zote anajitibu mwenyewe. Anakumbuka vidonge au anavisahau, anapima au hapimi, anapunguza chumvi au anasema ataanza Jumatatu. Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2003 kwamba hata katika nchi tajiri, ni kama nusu tu ya wagonjwa wa magonjwa sugu wanaofuata matibabu yao inavyotakiwa. Makadirio yake ya mwaka 2023 yalisema watu wazima wenye presha duniani walikuwa karibu bilioni 1.3, na ambao presha yao ilikuwa imedhibitiwa ni kama mmoja kati ya watano. Kliniki peke yake haiwezi kuziba pengo hilo. Anayempigia mgonjwa simu, anayemkumbusha dawa, anayeona namba zikipanda kabla hajapata kiharusi, anafanya kazi ya maana.

Ila hapo ndipo penye hatari. Programu ikikaa na mgonjwa siku zote hizo, yenyewe ndiyo inageuka kuwa daktari wake. Namba mnayoichagua iwe mpaka kati ya kijani na nyekundu ni agizo la matibabu, hata kama imeandikwa na kijana wa kompyuta usiku wa manane akikimbizana na tarehe ya uzinduzi.

Nitatoa mfano. Mzee mmoja aliyepita miaka sabini, anayechoma insulini, alinionyesha simu yake kwa furaha. "Sista, leo nimepata nyota zote." Nikaitazama. Sukari ya alfajiri ilikuwa 3.1, na chini yake, kwa maandishi ya kijani: Hongera! Umeishusha sukari kuliko wiki iliyopita. Chini ya 3.9 sukari imeshapungua kupita kiasi, na kwa mzee wa insulini 3.1 maana yake anaweza kuanguka akienda chooni usiku, akachanganyikiwa, au akakutwa hajitambui. Nilipomdadisi ikaonekana nyota zile alikuwa akizitafuta kwa makusudi. Anachoma insulini ya jioni kama kawaida, kisha hali chakula cha usiku, ili namba ya asubuhi iwe ndogo. Programu ilikuwa imemfundisha kwamba ndogo ni nzuri na ndogo zaidi ni nzuri zaidi. Mikono ilikuwa inamtetemeka na jasho linamtoka, akadhani ni uzee.

Kampuni ile ina jopo la washauri, na kwenye jopo yumo bingwa wa kisukari. Siamini hata kidogo kwamba bingwa wa kisukari aliiona kanuni ile ya nyota akaipitisha. Ninachoamini ni kwamba hakuonyeshwa.

Na lingekuwa jambo geni ningenyamaza. Utafiti wa ACCORD, uliofanyika Marekani na Kanada, ulikuwa na watu 10,251 wenye kisukari cha aina ya pili na hatari kubwa ya ugonjwa wa moyo. Kundi moja lilibanwa sana, wastani wao wa sukari, ile HbA1c, ushuke chini ya asilimia 6. Februari 2008 sehemu hiyo ilisimamishwa kabla ya wakati wake: kwenye kundi lililobanwa walikuwa wamekufa watu 257, kwenye kundi la kawaida 203. Sasa angalieni ilivyosimamishwa. Kulikuwa na kamati huru ya usalama iliyokuwa ikizitazama takwimu wakati utafiti unaendelea. Kamati ikasema basi, na taasisi iliyogharamia ikasikia. Hayo ndiyo mamlaka ninayoyaombea madaktari wenu.

Miaka 15 kabla ya hapo, mwaka 1993, utafiti wa DCCT ulikuwa umeonyesha kwamba kuibana sukari kunaokoa macho, figo na mishipa ya fahamu. Wagonjwa wale walikuwa 1,441, wote wa kisukari cha aina ya kwanza, wenye umri wa miaka 13 hadi 39. Tafiti zote mbili ni sahihi. Kilichotofautiana ni mgonjwa. Kijana wa miaka ishirini anahitaji lengo lake, na mzee anayeishi peke yake na figo zilizochoka anahitaji lengo lake, lililolegea zaidi. Daktari wa kliniki analijua hili hata akiamshwa usingizini. Programu yenye lengo moja kwa watu wote hailijui, na haitalijua mpaka mtu mwenye mamlaka aseme hapana, hii haitoki.

Kuna pia mambo madogo ambayo ni daktari au nesi tu anayeyaona. Mnawatumia wagonjwa mashine za presha zenye mkanda wa saizi moja. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unapandisha namba ya uongo. Watafiti wa Johns Hopkins walichapisha mwaka 2023 kwamba mtu anayehitaji mkanda mkubwa kupita yote, akipimwa kwa ule wa kawaida, presha yake ya juu inasomeka karibu pointi 20 zaidi ya ilivyo. Pointi 20 zinatosha kumwongezea mtu dawa asiyoihitaji. Mama mmoja aliletwa kliniki akiwa na kizunguzungu kila akisimama. Programu ilikuwa imemwelekeza mara mbili aongezewe dozi. Nilichukua mkanda unaomtosha, nikamwacha akae dakika tano miguu ikiwa chini, mgongo umeegemea, mkono umelazwa mezani, ndipo nikapima. Presha yake haikuwa na shida yoyote. Kununua mikanda ya saizi tatu ni gharama, naelewa. Lakini aliyeamua kutuma saizi moja aliamua jambo la kitabibu bila kujua kwamba ameliamua.

(Na kama kuna anayesoma mwenye uwezo, aziondoe zile tarumbeta zinazolia kila mgonjwa akibonyeza kwamba amemeza kidonge. Wenzao waliolala nao wana malalamiko.)

Nani akae kwenye jopo? Mnapenda mabingwa wenye majina, na mabingwa wanahitajika. Ila magonjwa haya huja kwa mafungu. Anayekuja kwangu na kisukari ana presha, magoti yanamuuma, na figo zimeanza kulegea. Kampuni moja inamsimamia presha, nyingine inamsimamia maumivu ya viungo. Ya presha inamkumbusha dawa ya kundi la ACE pamoja na dawa ya kutoa maji. Ya maumivu inamkumbusha ibuprofeni. Kila moja peke yake iko sahihi. Zikikutana tatu hizo mwilini mwa mtu mmoja, hasa akiwa ameharisha siku mbili na maji yamempungukia, figo zinaweza kufeli ghafla. Metfomini nayo, ambayo karibu kila mwenye kisukari cha aina ya pili amewahi kuandikiwa, haifai tena uwezo wa figo kuchuja ukishuka chini ya mililita 30 kwa dakika. Hayo huyakumbuka daktari wa familia, daktari wa wazee, mfamasia. Muuguzi pia, kama mtaniruhusu kuipigia debe kada yangu. Na mgonjwa mwenyewe, aliyeishi na ugonjwa miaka mingi, akae mezani akiwa na kura, asiitwe siku ya kupiga picha tu.

Nakuja kwenye matokeo, maana hapa ndipo ninapowaona washauri wengi wakitumiwa vibaya. Tangazo linasema: wagonjwa wetu wamepunguza kulazwa kwa kiasi hiki. Chini yake kuna jina la profesa. Swali ambalo profesa alipaswa kuuliza, na alipaswa kuwa na nguvu ya kulizuia tangazo mpaka lijibiwe, ni hili: ukilinganisha na nani?

Huko Camden, New Jersey, kulikuwa na mpango uliosifika sana wa kuwafuatilia kwa karibu wagonjwa waliokuwa wakilazwa mara kwa mara. Ukiwatazama wagonjwa wa mpango peke yao, miezi sita kabla na miezi sita baada, kulazwa kulionekana kushuka kwa pointi 38 za asilimia. Mtu angefungua shampeni. Lakini waliouendesha walikuwa na ujasiri wa kuupima kwa haki: wagonjwa 800 waligawanywa kwa kura, nusu wahudumiwe na mpango, nusu waendelee na huduma za kawaida. Matokeo yalitoka mwaka 2020. Waliorudi kulazwa ndani ya siku 180 walikuwa asilimia 62.3 kwa waliohudumiwa, na asilimia 61.7 kwa wengine. Yaani wote walipata nafuu sawasawa. Ukimchagua mtu siku ambayo hali yake ni mbaya kuliko zote, uwezekano mkubwa ni kwamba atapata nafuu hata usipofanya lolote, kwa sababu vilele havidumu. Kampuni ya magonjwa sugu isiyolielewa hili inaweza kujisifu miaka kumi kwa kazi iliyofanywa na kalenda.

Nyinyi mna historia yenu pia katika hili. Kuanzia mwaka 2005 Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee, ilizipa kampuni 8 nafasi ya kuonyesha uwezo. Wauguzi wa kampuni hizo waliwapigia simu wagonjwa wa kisukari na wa moyo uliodhoofika, wakawaelekeza, wakawatia moyo. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2011 ilikuta kwamba kulazwa na kukimbilia huduma za dharura hakukupungua, na akiba haikupatikana ya kufidia ada walizolipwa. Siyasemi haya kuwakatisha tamaa. Simu ya nesi ni kitu kizuri ikiwa nesi anaweza kubadilisha dawa, au anazungumza na daktari anayeweza kuibadilisha. Simu inayoishia kwenye "jitahidi" haishushi presha ya mtu. Edward Wagner na wenzake, walioujenga mfumo wa huduma za magonjwa sugu miaka ya 1990 huko Seattle, walilieleza hilo mapema: mgonjwa aliyeandaliwa akutane na timu iliyoandaliwa. Timu bila mamlaka ya tiba haijaandaliwa.

Halafu kuna algoriti zinazochagua nani apewe msaada wa ziada. Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha uchunguzi wa programu moja iliyotumika sana Marekani kuwachagua wagonjwa wa kusimamiwa kwa karibu. Programu ilikuwa inakisia gharama za matibabu za mtu, kisha inachukulia kwamba mwenye gharama kubwa ndiye mgonjwa zaidi. Matibabu ya Wamarekani weusi yalikuwa yakigharimiwa fedha kidogo kuliko ya weupe wenye ugonjwa ule ule, basi programu ikawaona wazima. Watafiti walihesabu kwamba kosa likirekebishwa, sehemu ya weusi kati ya wanaochaguliwa kusaidiwa ingepanda kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5. Aliyechagua gharama kama kipimo cha ugonjwa hakuwa na nia mbaya, nadhani. Lakini daktari yeyote anayewaona wagonjwa wasio na pesa angemwambia dakika ya kwanza kwamba asiyekuja hospitali hana gharama, na hana gharama kwa sababu hana nauli, si kwa sababu hana ugonjwa. Muulizeni mshauri wenu kama amewahi kuonyeshwa ndani ya algoriti yenu mnapima nini. Kama jibu ni siri ya biashara, basi huyo hamshauriani naye.

Fedha sasa. Washauri walipwe, sitaki kuona daktari anafanya kazi ya bure usiku kucha ili kampuni ipate faida. Ila walipwe kwa saa walizofanya kazi. Wakilipwa kwa hisa, zenye thamani inayopanda kila wagonjwa wapya wanaposajiliwa, mnakuwa mmemnunua yule mnayemtaka awazuie. Na wala haihitaji mtu kuwa mwizi. Februari 2005, baada ya dawa ya maumivu Vioxx kuondolewa sokoni kwa sababu ya hatari ya moyo, jopo la washauri 32 wa mamlaka ya dawa ya Marekani lilipiga kura kuhusu kuirudisha. Ilipita kwa kura 17 dhidi ya 15. Baadaye gazeti la New York Times likaonyesha kwamba washauri 10 kati yao walikuwa na uhusiano wa kifedha na watengenezaji wa dawa za kundi hilo, na bila kura zao pendekezo lingeanguka. Kila mmoja wao huenda alikuwa mtu mwaminifu. Basi tangazeni kila mshauri analipwa nini, na nani mwingine anamlipa. Marekani malipo ya kampuni za dawa na vifaa kwa madaktari yako wazi kwa umma tangu 2014, yeyote anaweza kutafuta jina. Ufaransa walitunga sheria yao Desemba 2011, baada ya kashfa ya dawa ya Mediator.

Hiyo Mediator inawahusu nyinyi moja kwa moja, kwa sababu iliuzwa kwa wenye kisukari waliozidi uzito. Iliingia sokoni 1976 ikakaa hadi 2009, huku ikiharibu vali za moyo. Aliyeifukuzia ni daktari wa mapafu wa mji wa Brest, Irène Frachon, aliyeanza kwa kukagua mafaili ya wagonjwa wa hospitali yake. Hakuwa kwenye jopo la kampuni. Kampuni ilitiwa hatiani mwaka 2021. Ningependa mjiulize: mtu kama Frachon angekuwa mshauri wenu, angedumu vikao vingapi?

Theranos, kampuni ya Marekani ya vipimo vya damu, waliunda jopo lao la wanasayansi na madaktari Aprili 2016, wakati magazeti yalikuwa yameshaandika kwamba vipimo vyao vya damu haviaminiki. Kabla ya hapo bodi yao ilikuwa imejaa waliokuwa mawaziri na majenerali. Mnajua ilivyoisha: kampuni ilikufa.

Kuhusu siri za wagonjwa sitasema mengi. Namba za sukari za mtu zisimfikie mwajiri wake wala kampuni ya bima bila ridhaa yake. Hilo halihitaji mjadala.

Nina neno pia kwa madaktari mnaoombwa majina. Kabla hujatoa picha yako, omba uone mkataba unasema nini ukitofautiana na mkurugenzi. Omba kumbukumbu za vikao ziandikwe, na pingamizi lako liandikwe kwa jina lako. Wakisema hayo ni ya ndani, tuyamalize kimya kimya, hiyo ni funika kombe mwanaharamu apite, na atakayefunikwa ni mgonjwa. Tumia programu hiyo mwenyewe kwa mwezi mzima, ukiingiza namba mbaya makusudi: sukari 2.8, presha 210, usiku wa Jumamosi. Uone nani anapiga simu, na anapiga saa ngapi.

Waheshimiwa wakurugenzi, mwaka ukiisha mtachapisha ripoti yenu na picha za washauri zitakuwemo. Pembeni ya picha hizo andikeni angalau jambo moja ambalo madaktari wenu walilikataa mwaka huo, mwezi walipolikataa, na kampuni ilifanya nini. Kama halipo hata moja, andikeni hivyo hivyo. Wagonjwa wangu huniuliza kila wiki wapakue programu ipi, na nitaisoma ripoti hiyo kabla sijawajibu.

Wenu,
Muuguzi wa kliniki ya magonjwa sugu